Mtoto anaelewa lugha ya wazee ila anajibu kwa lugha ya shule: cha kufanya nyumbani

Mkuu, umeuliza mawili: watoto wanaelewa lugha ya wazee wenu lakini wanajibu kwa lugha ya shule, na wewe mwenyewe unaiongea nusunusu. Umesema pia umeanza kubandika orodha ya maneno ukutani. Orodha ibandue. Maneno mtoto huyo anayo; ameshagundua tu kwamba akijibu kwa lugha ya shule, mambo yanakwenda vilevile. Kazi yako ni kutenga sehemu ya siku ambapo hayaendi.

Chagua shughuli moja ya vitendo inayojirudia kila siku: kuoga, kuvaa, kutandika kitanda. Usitangaze kwamba kuanzia Jumatatu nyumba nzima ni lugha yetu tu. Tangazo hilo hufa Jumatano, na mtoto anajua hukuwa na nia. Dakika 20 za kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi, kwa sababu sentensi zilezile zinarudi kabla hazijasahaulika.

Shughuli moja inahitaji sentensi 25 hadi 30 hivi. Zichukue kwa mzee anayeijua lugha, ila usimuulize "hiki mnakiitaje, kile mnasemaje?" Ukiuliza hivyo atakutafsiria neno kwa neno, na utaondoka na lugha kubwa iliyovalishwa nguo za lugha yenu. Mpe mtoto na shati, amvishe huku anaongea, wewe unarekodi. Hapo ndipo utasikia amri, karipio, bembelezo, na vile vineno vidogo vya namna ya "haya", "hebu", "kumbe", ambavyo mtu hakumbuki kukutajia akiulizwa. Andika sentensi nzima, kwa umoja na kwa wingi. Chukua Kiswahili chenyewe: ukiandika "nyumba" peke yake hujui ni moja au kumi, lakini "nyumba hii imejaa, nyumba hizi zimejaa" inakuonyesha ngeli nzima. Lugha zenye toni zina mtego wa ziada: maneno mawili yanaandikwa sawasawa, ila moja sauti inapanda na jingine inashuka. Mwombe mzee alipige neno kwa mluzi. Mluzi unakuachia toni tupu.

Sasa, mtoto akijibu kwa lugha ya shule ufanyeje? Mtafiti Elizabeth Lanza alipanga mwitikio wa wazazi katika ngazi tano. Ya kwanza, unajifanya hujaelewa: "Nini?" Ya pili, unakisia kwa lugha yenu, naye anathibitisha. Ya tatu, unarudia alichosema kwa lugha yenu. Ya nne, unaendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna kitu. Ya tano, unamfuata kwenye lugha yake. Wazazi wengi wanaishi kwenye ya nne, na hapo ndipo wanapopatikana watoto wanaosikia bila kusema. Panda hadi ya pili, tena kwa swali lenye majibu mawili ndani yake: "Uvae jekundu au jeupe?" Neno umeshamtilia mdomoni, yeye anachagua tu. Kisha nyamaza, hesabu hadi tano kimoyomoyo. Kimya hicho kinawashinda wazazi kuliko sarufi yoyote. Ngazi ya kwanza itumie kwa kiasi, na kamwe usiitumie mtoto akiwa analia au ameumia, maana lugha itageuka adhabu.

Akikosea, usimkatize. Akisema "kiti kubwa", mjibu "Ndiyo, kiti kikubwa, kilete hapa." Zungumza na babu na bibi mapema kuhusu kucheka lafudhi: kicheko kimoja mbele ya wageni kinaweza kumfunga mtoto mdomo kwa muda mrefu. Na ule mtindo wa "hebu mwonyeshe mjomba unavyoongea" uache, huo ni mtihani. Kama una watoto wawili, anza na mkubwa. Yeye ndiye anayeingiza lugha ya shule chumbani, na mdogo anamfuata yeye kuliko wewe. Akichanganya lugha mbili katika sentensi moja usihangaike. Watu wenye lugha mbili huchanganya.

Upande wako wewe, kuna mpango uliobuniwa na wenyeji wa asili wa California miaka ya 1990: mzee mmoja na mwanafunzi mmoja mtu mzima, saa 10 hadi 20 kwa wiki, wanafua, wanatembea, wanapanga vitu, na lugha kubwa hairuhusiwi hata kwa kufafanua. Ukikwama, unatumia mikono. Wamaori wa Nyuzilandi walianza mwaka 1982 na vituo vya watoto wadogo vinavyoitwa Kōhanga Reo, yaani kiota cha lugha, ambako wazee huongea na watoto kwa Kimaori tu. Kama mko familia nne au tano karibu, jaribuni kiota kidogo cha nusu siku.

Kuhusu kurekodi, usitegemee sauti za kutumiana kwenye simu. Zimebanwa, na konsonanti laini ndizo zinazopotea. Rekodi kwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, na kwenye mipangilio ya kinasa chagua hezi (Hz) 48,000, biti 24. Saa moja kwenye chaneli moja inakula takriban megabaiti 520. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi ya "p" isiigonge. Zima feni, na friji kama iko karibu. Mwanzoni sema tarehe, jina la lugha na la mzungumzaji, na mzee mwenyewe atamke kwamba ameridhia na nani aruhusiwe kusikiliza. Kuandika yaliyosemwa kunakula muda kuliko kurekodi, kwa hiyo anza na dakika mbili zilizo bora. Programu ya ELAN ni ya bure na inafunga maandishi kwenye sauti. Tahajia fuata iliyopo, hata ikiwa ya Biblia ya zamani, na usisubiri ugomvi wa lahaja uishe: andika ya nyumbani kwenu, uitaje kwa jina lake. Weka nakala tatu, moja isikae nyumba hiyohiyo, na kila mwaka fungua zote tatu usikilize kama bado zinacheza.