Probox na kiti cha nyuma: mwambie fundi aache loku

Mkuu, kama gari bado liko kwa fundi, mpigie sasa hivi umwambie azime grinda. Mengine utasoma ukishakata simu.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Una Probox ya 2008, mwezi wa kumi na mbili unampeleka mama Njombe, mgongo wake unamsumbua, na fundi amekuahidi kuongeza sponji ya inchi nne kwenye kikalio na "kusogeza loku nyuma kidogo", yaani kile kifungio kinachoshika egemeo, ili egemeo lilale. Umeuliza pia rangi ya kava, bei, na kama inafaa kufunga skrini nyuma ya kiti cha dereva. Mimi nimekwama hapo kwenye loku. Maneno hayo hayo, "nasogeza kidogo tu, bosi", niliambiwa mwaka 2021 nikiwa nimesimama kwenye gereji moja hapa Dar, nikaitikia kwa kichwa.

Kuhusu kiti chenyewe hukukosea. Kile ni adhabu. Probox yetu hii ya van ni gari la mizigo, na kwa sheria za Japani, ili gari la aina hiyo lisajiliwe kuwa la mizigo, nafasi ya mzigo lazima iwe kubwa kuliko ya abiria. Ndiyo maana kiti cha nyuma kimesukumwa mbele, egemeo limesimama kama benchi la kanisani na sponji yake ni kama mkate wa juzi. Springi nazo zimepangwa zibebe mzigo wa kilo 400, kwa hiyo ukipakia watu wawili tu nyuma, kila tuta wanalipata lote. Mama yako hadeki.

Sasa fanya hivi. Fungua mlango wa nyuma, vuta egemeo lije mbele, halafu tazama ubavuni mwa bodi. Utaona kichuma chenye umbo la U, unene wake kama kidole cha mwisho, kimekazwa kwenye bodi kwa bolti. Hicho ndicho loku ya egemeo inachokiuma ukilisukuma lirudi, ile "kaa!" unayoisikia. Shika kwa mkono. Vichuma vya namna hiyo ndivyo vinavyosimama kati ya mzigo wa buti na mgongo wa mama yako. Nyuma ya egemeo hakuna ukuta mwingine.

Fundi wangu alivifungua, akavikata kwa grinda, akachomelea kipande cha bapa cha kama sentimita nane kila upande, halafu akachomelea kile kichuma mwishoni mwa bapa. Akapiga rangi nyeusi. Kazi ya mchana mmoja, shilingi 85,000 pamoja na sponji. Egemeo likalala vizuri mno. Safari ya kwanza mama yangu alisinzia kuanzia Kibaha hadi tunaingia Morogoro, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Nilifurahi kiasi kwamba nikampelekea yule fundi wateja wawili, jamaa zangu wa kazini. Baadaye ilinibidi niwapigie simu mmoja mmoja kuwaambia warudishe, na mmoja hakunielewa mpaka nilipomtumia picha.

Ilidumu miezi minne. Tulikuwa tunatoka Iringa, mama amekaa nyuma upande wa kushoto na mama mdogo upande wa kulia. Tumeshuka Kitonga salama, tukasimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu kama kila mtu anavyofanya pale. Nilichukua gunia moja la lumbesa, lile ambalo vijana wawili wanalibeba huku wanayumba. Tukalisimamisha nyuma ya kiti. Sikulifunga kamba. Nilijiambia liko zito, litakwenda wapi.

Tukaingia Mikumi. Unaijua ile barabara, inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita hamsini hivi, na wanyama wanavuka wanapojisikia. Sikuwa nakimbia. Swala watatu walikuwa wameshavuka, wa nne akasita pembeni, halafu akaruka. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nikasikia mlio mmoja mkavu nyuma, kama mtu amevunja kuni gotini, halafu sauti ya mama.

Egemeo upande wa kushoto lilikuwa limemlalia. Bapa ilikatika palepale kwenye weldi. Ya kulia ilipinda lakini ikashika, ndiyo maana mama mdogo hakupata kitu. Gunia lote lilikuwa juu ya egemeo, na egemeo juu ya mama, na mkanda umemkaba begani kwa mbele. Vitunguu vimepasuka, gari zima linanuka, sote tunatoka machozi na hatujui ni ya vitunguu au ya kitu gani. Nilivuta lile gunia nje nikiwa natetemeka. Mama ananiambia, "Taratibu baba, taratibu," na mimi ndiye niliyemuumiza.

Alivunjika mtulinga wa kushoto. Wiki sita mkono umefungwa shingoni. Mwanamke ambaye hajawahi kumwomba mtu maji ya kunywa, asubuhi anamwita mkwe wake aje amfunge kanga. Nikifumba macho sasa hivi naliona lile fundo la kanga ambalo hakulifunga yeye. Gharama za matibabu zilishasahaulika.

Kile kipande kilichokatika ninacho mpaka leo. Ukikitazama kwenye mkato unaona weldi ilikaa juu juu kama mafuta kwenye supu, chuma cha ndani hakijayeyuka wala kushikana. Sehemu kubwa ina kutu ya siku nyingi, maana yake ufa ulikuwepo kitambo, chini ya ile rangi nyeusi. Kabla ya kukatika ulikuwa unaongezeka kidogo kila tuta, na mimi naendesha huku nasifia kiti.

Nilimrudia fundi na kile chuma mkononi. Unajua alinijibu nini? "Uliweka mzigo mkubwa, bosi." Kwenye Probox! Gari la mizigo! Amekata kitu kinachozuia mzigo kwenye gari la mizigo, halafu anashangaa kuona mzigo. Hakusema hata pole. Hawa mafundi maiko wana jibu moja kwa kila kitu: "nimezifanya nyingi, hakuna aliyerudi." Wengine hawarudi kwa sababu wamelazwa, ndugu yangu. Na msinicheke wengine mnaosoma hapa, hakuna kati yetu ambaye hajawahi kumwamini fundi kwa kuwa anaongea kwa kujiamini na mikono yake ina grisi.

Nilipotulia nikaanza kusoma mambo haya. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa ya viti vya magari, namba 17, ambayo ndani yake kuna jaribio la mzigo: yanawekwa mabokisi mawili nyuma ya egemeo, kila moja la kilo 18, halafu gari linapewa mshtuko wa mwendo wa takriban kilomita 50 kwa saa. Mabokisi ya kilo 18! Kwa hiyo hata chuma cha kiwandani, ambacho hakijaguswa na mtu, hakikutengenezwa kupambana na lumbesa inayoruka. Ukikikata na kukiunga kwa weldi ya chini ya mwembe, unabaki na nini? Kwa hiyo loku haiguswi, na mzigo unafungwa kamba hata kama ni ndoo ya unga. Yeyote atakayekuja chini hapa kukuambia "tafuta fundi mzuri zaidi wa kuchomelea", usimsikilize. Chuma kinachoshika kiti au mkanda hakikatwi, hakichomelewi, hakirefushwi. Mama akitaka kiti kinacholala, azima Noah ya mtu. Kile kimetoka kiwandani kikiwa kinalala.

Sponji ya inchi nne nayo hapana, ingawa hiyo walau inatoka kwa mkasi. Yangu ilikuwa laini kama ya kochi. Wiki ya kwanza tamu, mwezi wa pili imelala, mama anakalia vyuma vilevile, ila sasa kichwa kiko juu zaidi na kinagonga paa kwenye matuta. Kibaya zaidi ni mkanda. Sehemu ya chini ya mkanda inatakiwa ilale juu ya mifupa ya nyonga. Mtu akizama kwenye sponji laini, mkanda unapanda tumboni, na gari likifunga breki anateleza chini yake. Kile kishikizo cha kuchomeka mkanda nacho kinamezwa na sponji, mtu mzima anakitafuta kwa vidole mpaka anachoka, anaamua kukaa bila kufunga.

Nilichokuja kumfanyia mama baada ya hapo, na amekwenda nacho Mbeya akarudi bila kulalamika, ni hiki. Nilinunua vichuma vya loku used, vya Probox hiyo hiyo, kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani hapa Dar, nikavifunga mwenyewe kwa bolti zake. Kikalio nikarudisha sponji yake ya asili, juu yake nikaongeza sponji ngumu ya inchi moja, ile ambayo ukiibonyeza kwa ngumi inakusukuma, na kwa mbele chini ya mapaja nikaweka kipande chenye mteremko. Hapo ndipo palipokuwa na siri. Kiti cha Probox ni kifupi, mapaja yanaelea, uzito wote unakwenda kwenye kiuno. Mama yangu ni mfupi, miguu yake ilikuwa inaning'inia, nikampa kiboksi cha mbao chenye kapeti akanyagie, nimekibana kisiteleze. Kiunoni anaweka khanga aliyoikunja mwenyewe, anaiongeza na kuipunguza njiani anavyotaka. Upepo wa matairi nikaacha kujaza kwa mazoea, nikafuata kile kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa, nikabadilisha zote mbili. Na kila baada ya saa mbili tunasimama, anatembea, anaongea na wauza mahindi.

Shokapu ndizo zilizonigharimu kuliko vyote hivyo, na ndizo zilizosaidia mgongo kuliko vyote. Fundi wako amekugusia shokapu hata mara moja?

Kama ameshakata, usipokee gari kwa sababu rangi imekaa vizuri. Tafuta vichuma vingine vizima kabla mama hajapanda. Na kama hajakata, pita gereji leo jioni, vuta egemeo mbele, piga picha pande zote mbili na uziweke hapa. Niko macho mpaka usiku.