Modeli inamjua mwimbaji, au inaijua kanda?

SWALI: Assalaam aleikum. Marehemu baba ameacha kanda 40 za taarabu, nyingi za harusini, hazikuandikwa majina. Nimezihamishia kwenye kompyuta, nikazikata vipande vya sekunde 10, nikaifundisha modeli (programu inayojifunza kwa mifano) kuwatambua waimbaji sita ninaowajua. Kwenye majaribio inapatia 96 kwa 100. Nikiipa kanda nyengine ya mwimbaji yule yule, inakosea karibu kila kipande. Na mdogo wangu anataka njia hiyo hiyo kuchambulia karafuu kwa picha. Itafaa? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waaleikumu salaam, ndugu yangu. Mungu amrehemu mzee. Kanda zenyewe usizitupe hata ukishamaliza kuzihamisha.

Nahisi ulivichanganya vipande vyote, ukavigawa ovyo ovyo: hivi vya kufundishia, hivi vya kupimia. Kanda ya dakika 60 inatoa vipande 360, na vyote vina mkwaruzo mmoja, maikrofoni moja, ukumbi mmoja. Vikitawanyika pande zote mbili, modeli haina haja ya kusikiliza koo la mtu. Inaitambua kanda tu, na wewe unaona 96.

Yalinikuta mimi pia. Modeli yangu ilikuwa ikimtaja bibi mmoja hata wakati wa bashirafu, ile ya ala tupu ya kufungulia, hajafungua kinywa. Nilipoitazama spektogramu, yaani picha ya sauti, nzito chini na nyembamba juu, nikaona mstari mwembamba umenyooka chini, kwenye hezi 50, tangu mwanzo wa kanda hadi mwisho. Mvumo wa umeme! Kanda zake zote zilirekodiwa na mtu mmoja, kwa redio moja. Miezi miwili nilikuwa nimefundisha mashine kuujua waya mbovu.

Kwa hiyo gawa kwa kanda. Kanda nzima iende upande mmoja, kipande chake hata kimoja kisivuke. Mwimbaji mwenye kanda moja tu muweke kando kwanza, kwani huna cha kumpimia. Alama zitashuka, pengine sana, lakini hizo ndizo zako za kweli, na kuanzia hapo kila unachokiboresha utakiona.

Halafu kasi. Kaseti inatakiwa ikimbie sentimita 4.76 kwa sekunde, na redio kuukuu haziendi hivyo. Ikizidi kwa asilimia 6 hivi, sauti yote inapanda nusu toni. Kwenye taarabu hili linauma zaidi: makamu (mitindo ya noti) kama rasti na bayati zikipigwa kwa udi, fidla na kanuni zina robo toni ndani yake, ilhali programu nyingi zinaigawa oktavu, yaani ngazi nzima ya noti, vyumba 12, kama piano. Tafuta kwanza ala zimetiwa sauti wapi, kisha gawa vyumba 24 au 36.

Ukitaka kujua kama harusi mbili zilipiga wimbo mmoja, Shazam, ile programu ya simu ya kutambua nyimbo, haitakufaa, maana yenyewe hutafuta rekodi ile ile, si wimbo ulioimbwa upya usiku mwengine. Linganisha mwendo wa melodia, na uruhusu muda kuvutika, kwa sababu mwimbaji akitunzwa hurudia ubeti.

Karafuu zina maradhi hayo hayo. Nzuri zikipigwa picha juu ya jamvi na zilizonyeshewa juu ya saruji, modeli itajifunza jamvi. Mdogo wako atandike kitambaa kimoja, apige zote hapo saa za mwangaza mmoja, na karafuu za shamba moja zisikae kwenye kufundishia na kwenye kupimia.