Wasomaji Wanauliza: Huyu "Baba" Ni wa Lugha Gani?

Mara hii tumekusanya maswali yanayozunguka neno moja fupi, baba, pamoja na ndugu zake wa kweli na wa bandia.

Mwalimu wetu alisema "baba" ni Kiarabu, kwa kuwa Waarabu nao huwaita hivyo baba zao. Jirani aliyekaa Uturuki anasema ni Kituruki. Yupi mkweli? (Msomaji, Tanga)

Wote wawili wamesikia sawasawa. Hitimisho ndilo lililoteleza. Mtoto wa Kiarabu husema baba, wa Kituruki baba, wa Kichina baba, wa Kibengali baba, wa Kiyoruba kule Nigeria baba. Washona wana baba na Wazulu ubaba, na hao ni Wabantu wenzetu walio mbali kabisa na bandari zetu. Hakuna jahazi lililozunguka kote huko likigawa neno moja. Tena, neno rasmi la Kiarabu ni ab, lile tunalolikuta katika majina kama Abubakar.

Sababu imo kinywani mwa mtoto. Akiwa na miezi 6 hadi 10 hivi huanza kurudiarudia silabi: ba-ba-ba, ma-ma-ma, da-da-da. Sauti b, p na m hutengenezwa kwa midomo tu, ulimi hauna kazi, na a ni kuachama basi. M ina la ziada: hewa yake hupita puani, kwa hiyo mtoto anaweza kuinguruma hata akiwa na ziwa mdomoni. Hapo mtoto hajamwita mtu bado. Ni wazazi wanaosikia "mama" na "baba" na kuitika kwa furaha, na kwa kuitikiwa hivyo kila siku mtoto hujifunza kwamba amewaita.

Mmarekani George Peter Murdock alikusanya maneno 1,072 ya mama na baba kutoka lugha za dunia nzima. Mwanaisimu Roman Jakobson akaichambua orodha hiyo akaona kuwa m na n zimejaa upande wa mama, na p, b, t na d upande wa baba. Ndiyo maana Waganda wakisema taata, na wasemaji wa Kilingala na Waxhosa tata, utawakuta Wapolandi nao wanasema tata bila kuwahi kukaa pamoja.

Ni kweli kwamba kule nchini Georgia, kwenye milima ya Kaukazi, "mama" ndiye baba? (Msomaji, Nakuru)

Kweli tupu. Kwa Kijojia baba ni mama, na mama ni deda. Orodha ya Murdock inaonyesha mwelekeo, si sheria. Bibi yao ni bebia na babu ni babua, na tafadhali msikimbilie kumfanya ndugu wa babu yetu.

Basi nitajuaje kama maneno mawili yana asili moja? (Mwanafunzi, Dodoma)

Kufanana kwa neno moja hakuthibitishi kitu, hasa likiwa fupi. Andika maneno ya msingi 100 hadi 200 kutoka kila lugha: viungo vya mwili, maji, kula, kufa, jiwe, namba ndogo. Ondoa maneno ya kitoto kama mama na baba, na yanayoiga milio. Kisha usitafute yanayofanana. Tafuta tofauti inayojirudia. Kiswahili kina tatu, mti, tuma. Kizulu kina thathu, umuthi, thuma. Penye t yetu pana th yao, yaani t yenye pumzi, na hujirudia neno baada ya neno. Kwa mtindo huohuo Kilatini kina pater, piscis, pedem, na Kiingereza father, fish, foot: p upande huu, f upande ule. Hapo ndipo unaposema asili ni moja.

Wengi hukwama kwenye maneno ya mkopo. Sita, saba na tisa tunashirikiana na Waarabu, lakini hayatufanyi ndugu, kwa sababu yalikopwa pamoja na biashara na dini. Moja, mbili, tatu, nne na tano ndizo zinazoonyesha kwetu.

Nafanya kazi Kigali. Nasikia "data", "so" na "se", zote eti ni baba. Nitumie ipi? (Msomaji, Mwanza)

Inategemea ni baba wa nani. Data ni baba yangu, so ni baba yako, se ni baba yake. Kwa mama ni mama, nyoko, nyina, kwa mpangilio uleule. Wakikuyu nao wana baba kwa wangu, thoguo kwa wako, ithe kwa wake. Kwetu mmiliki ameshuka mwishoni: babangu, babako, babake.

Tahadhari moja. Nyoko kwa Kinyarwanda na Kirundi ni "mama yako" na si tusi. Ukirudi nalo Mwanza au Mombasa, usilitamke mbele ya watu, maana Kiswahili kimelibakiza kwenye matusi tu. Mtu wa Bujumbura akikuuliza hali ya nyoko, mjibu kwa adabu.

Hotelini nimeona keki inayoitwa "baba". Ya akina baba? (Msomaji, Arusha)

Hapana, ni ya bibi. Katika lugha za Kislavoni baba ni mwanamke mzee au bibi. Wapolandi wana keki ndefu ya hamira yenye jina hilo. Wafaransa waliipokea katika karne ya 18, na husimuliwa kuwa iliingia kupitia Stanisław Leszczyński, mfalme wa Poland aliyehamia Lorraine, ambayo leo ni sehemu ya Ufaransa. Baadaye wakailowesha kwa ramu. Ila usimwite mwanamke wa Kirusi baba, ni ukosefu wa adabu. Hata Japani, baba ni ajuza, na ukivuta a ya mwisho umeshatukana.

Na "Papa" wa Roma ana uhusiano na papa wa baharini? (Msomaji, Lamu)

Hana. Papa wa Roma ametoka Kilatini papa, nacho kutoka Kigiriki pappas, neno la kitoto la baba. Kiarabu hakina p, kwa hiyo humwita al-Baba. Papa wa baharini ni neno jingine kabisa lililoangukia silabi zilezile. Wanaozungumza Kihispania wana kazi zaidi: el papa ni Papa, el papá ni baba, na la papa, kwa Amerika ya Kusini, ni kiazi, neno lililotoka Kikechua cha milima ya Andes. Ukikosea el na la, au mkazo, sokoni Lima, muuzaji ataelewa. Ukikosea kwenye barua ya kanisa, utaombwa uandike upya.