Ukipewa Darasa la Walatino Marekani

Vijana wetu wengi wanaokwenda Marekani kusoma uzamili hujikuta wamekabidhiwa darasa la kufundisha hata kabla hawajazoea chakula. Ukiangukia Texas, California, Arizona au New Mexico, huenda nusu ya wanafunzi wako au zaidi wakawa Walatino, yaani watu wenye asili ya nchi za Amerika ya Kilatini kama Meksiko. Serikali ya huko ina daraja maalumu kwa vyuo ambavyo angalau asilimia 25 ya wanafunzi wasiofika uzamili ni Walatino, na vyuo hivyo vimeshapita 500. Mimi nafundisha takwimu katika kimojawapo, kusini mwa Texas. Ninalotaka ulishike ni hili: mwanafunzi huyu haji darasani peke yake, anakuja na ukoo. Huo ukoo ndio mtaji wake wa masomo, nawe uanzie hapo.

Mwaka 1992 mtafiti wa elimu Luis Moll na wenzake walichapisha utafiti wa Tucson, Arizona, ambako walimu walizitembelea familia zenye asili ya Meksiko. Walikuta ujuzi wa kilimo, ujenzi, biashara na tiba za mitishamba, ujuzi ambao shule haikuwahi kuuulizia. Kwangu, mradi wa kwanza wa muhula hutumia data za nyumbani. Binti mmoja alileta daftari la mama yake anayeuza tamales, chakula cha unga wa mahindi kinachopikwa kwa mvuke, mwezi wa Desemba, akapima jinsi gharama za unga na mafuta zinavyotawanyika kandokando ya wastani. Mwingine, ambaye wajomba zake huezeka mapaa, alitueleza wanavyokadiria vifaa na kwa nini huongeza kiasi cha akiba. Lile somo la makosa ya makadirio, ambalo huwatoa watu jasho, darasa zima lililielewa siku ile. Na yule kijana aliyekuwa akikaa nyuma kimya alianza kujibu maswali.

Usidhani nasema uwapunguzie mzigo. Gloria Ladson-Billings, mtaalamu wa elimu aliyeandika sana miaka ya 1990 kuhusu ufundishaji huu unaoanzia utamaduni wa mwanafunzi, aliweka kufaulu kimasomo kuwa sharti la kwanza. Mtihani wangu ni uleule. Kumwonea mwanafunzi huruma hadi ukampa alama asizostahili ni kumdharau.

Ila ratiba ni jambo jingine. Wengi hufanya kazi za kulipwa, na wengi ndio wakalimani wa nyumbani: bibi akienda kliniki, mjukuu ndiye anayekaa kati yake na daktari. Kwa hiyo katika majaribio madogo ya kila wiki, mawili yenye alama za chini siyahesabu, kwa kila mwanafunzi, bila kudai cheti wala maelezo. Ambaye nyumbani kwao kuna mgonjwa halazimiki kunisimulia siri za familia ili asifeli.

Jihadhari pia usiwaweke wote katika kapu moja. Mtu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani, na watu wa kisiwa hicho wamekuwa raia tangu 1917. Zipo familia zilizokuwa Texas kabla mpaka wa sasa haujachorwa. Mtoto wa wahamiaji kutoka nyanda za juu za Guatemala huenda kwao wanaongea Kik'iche', lugha mojawapo ya Wamaya, na Kihispania ni lugha ya pili. Wengine hawakijui Kihispania kabisa, kwa sababu babu zao waliadhibiwa shuleni Texas kwa kukiongea. Sisi tuliovishwa kidude shingoni kwa kuongea kilugha tunalielewa hilo bila kufafanuliwa. Basi usimsimamishe mtu atafsiri sentensi ya Kihispania au awasemee Walatino wote. Na habari za makaratasi ya uhamiaji usiulize kamwe. Wewe ijue tu ofisi ya chuo inayosaidia, na uitaje kwa darasa zima.

La mwisho, usikae ofisini ukingoja waje. Wengi ndio wa kwanza kwao kufika chuo, na kugonga mlango wa mwalimu wanaona ni kumsumbua. Laura Rendón, mtafiti wa elimu na mzaliwa wa Laredo, Texas, aliandika mwaka 1994 kwamba wanafunzi wa namna hii huanza kuamini wanaweza pale mtu wa chuo anapowaendea yeye kwanza. Mimi baada ya kazi ya kwanza humwandikia kila mmoja mistari miwili, kwa jina lake kamili, majina yote mawili ya ukoo, la baba na la mama, kwa anayeyatumia, nikitaja kitu alichokifanya vizuri na kitu cha kurekebisha. Asiyekuja darasani wiki mbili humwandikia tena, na swali langu la kwanza huwa ni nyumbani hawajambo.