Mnaenda St Andrews wanne? Soma kwanza yaliyonikuta mimi na shemeji

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nairobi aliniandikia: "Mzee, shikamoo. Tuko wanne, tunataka kwenda St Andrews, Scotland, mwakani kucheza gofu kwenye uwanja wa Old Course. Tuanzie wapi?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta nimekaa na simu hadi chai imepoa, kwa sababu swali lake ndilo tuliloulizana sisi, wanne vilevile, kwenye baraza ya kilabu cha gofu hapa Mombasa. Kundi letu la WhatsApp linaitwa Wanne wa St Andrews mpaka leo. Wanaozungumza humo ni watatu.

Wanne wenyewe: daktari wa meno, wakili, shemeji yangu (kaka wa mke wangu) na mimi. Mipango nilikabidhiwa mimi, tena kwa kupigiwa makofi. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Mtu anayepitisha makontena forodhani atashindwa na watu wanne na mabegi manne? Ndivyo nilivyojigamba, na maneno hayo nimerudishiwa mara nyingi tangu siku hiyo.

Habari za viza sitazirefusha. Ombeni mapema, pelekeni taarifa za benki zisizo na miujiza ya wiki ya mwisho, basi. Ndege, mabasi, vitanda, hayo yote utayapata popote. Ila jueni kwamba treni haifiki St Andrews. Reli ya mjini ilifungwa mwaka 1969. Mnashuka Leuchars, mnamalizia kwa basi dakika chache. Sisi tulifika Leuchars na mabegi yenye uzito wa ng'ombe, upepo unavuma, na wakili akauliza kama huo ndio mwezi wa Mei au nimewadanganya.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Nilipiga hesabu hivi: Jumamosi tunafika, tunalala, Jumapili tunacheza Old Course tukiwa na nguvu, kisha wiki iliyobaki ni starehe. Jumapili! Uwanja maarufu kuliko vyote duniani hufungwa kila Jumapili, labda kuwe na mashindano makubwa. Mzee Tom Morris, aliyeutunza katika karne ya 19, husimuliwa kuwa alisema hata kama wachezaji hawahitaji kupumzika, uwanja unahitaji. Siku hiyo unageuka bustani ya mji. Tulisimama kando ya shimo la 18 tukitazama watu wakitembeza mbwa, mama anasukuma kigari cha mtoto, watoto wanakimbizana juu ya Daraja la Swilcan, kidaraja kile cha mawe ambacho mabingwa wote husimama kupigwa picha. Daktari alicheka mpaka akakohoa. Shemeji hakucheka. Alisema taratibu tu, "Wewe ndiye uliyepanga."

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: angalia kalenda. Ni ushauri mdogo, najua. Mimi ulinigharimu.

Siku hiyo ndiyo niliyoanza kuuelewa mji ule. Sisi huku tumezoea kilabu chenye lango, mlinzi na orodha ya wanachama. Pale uwanja ni mali ya umma. Haki ya wenyeji kuitumia ardhi ile ya mchanga iliandikwa kwenye hati ya askofu mkuu mwaka 1552, na gofu imo ndani yake. Ardhi ya namna hiyo ndiyo wanayoiita linksi: mchanga ulioachwa kati ya bahari na mashamba, haufai kulimwa, unaota nyasi fupi ngumu na vichaka vya miiba. Mwaka 1797 mji ulifilisika ukauuza uwanja, wanunuzi wakafuga sungura humo, na ugomvi kati ya wafuga sungura na wacheza gofu ukaendelea hadi 1821, tajiri mmoja wa jirani alipoinunua ardhi na kuiokoa. Leo unasimamiwa na St Andrews Links Trust, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974, pamoja na viwanja vingine sita. Rafiki yangu wakili alipenda sana habari hizi. Sisi wengine tulitaka kucheza.

Na kucheza ni kwa kura. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo tulipoachana. Nafasi nyingine za Old Course hugawiwa mapema sana kwa wanaoomba mwaka mmoja kabla. Nyingine mnazipata kupitia mawakala walioidhinishwa, ndani ya vifurushi vya bei ya kuumiza kichwa. Nyingine huingia kwenye kura ya kila siku: mnaandika majina, wawili mpaka wanne, siku mbili kabla ya siku mnayotaka, kisha mnasubiri orodha. Handikapu, yaani kipimo cha uwezo wa mchezaji, iwe na cheti, si ya kutaja kwa mdomo. Ada ya msimu wa kiangazi imepita pauni 300, yaani zaidi ya shilingi 50,000 za Kenya kwa mtu mmoja kwa mzunguko mmoja. Mke wangu haijui hesabu hii, na kaka yake, kwa yote aliyonikasirikia, hajamwambia. Hilo namshukuru.

Mimi nilitegemea kura tu. Nilisema sisi watu wanne wema, tumetoka mbali, siku tano hazitatukosa. Kura haijui umetoka wapi. Jumatatu hatumo. Jumanne hatumo. Jumatano hatumo. Kila orodha ilipotoka tulikuwa tunainamia simu moja kama wanafunzi wanaotafuta matokeo ya mtihani, na kila mara shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mgongo na kuondoka.

Ajabu ni kwamba zile zilikuwa siku nzuri za gofu, mimi tu sikuziona. Jumatatu tulicheza Crail, uwanja wa Balcomie aliouchora Tom Morris mwaka 1895, juu ya bahari kabisa, pauni chache kuliko Old Course, na hakuna aliyetuuliza sisi ni nani. Jumanne tulikwenda Elie. Pale shimo la kwanza lina kilima mbele yake, huoni waliotangulia, kwa hiyo ndani ya kibanda cha mwanzishaji, anayeruhusu makundi kuanza, wameweka periskopu iliyotolewa kwenye manowari. Shemeji aliichungulia akakataa kuiachia. Alicheza siku ile kama malaika, mikwaju 84, akiwa na handikapu 18, nami nilikuwa nahesabu dakika zilizobaki kabla ya orodha kutoka.

Na upepo. Sisi tumelelewa na kusi na kaskazi. Mashimo yetu tisa yako juu ya mwamba, bahari chini, meli zinaingia Kilindini. Nani wa kutufundisha upepo? Lakini kusi ni mtu mzima, anakuja na msimu wake na kuondoka na msimu wake. Upepo wa Fife, mkoa ulipo mji wa St Andrews, hubadili nia ndani ya saa moja. Unaondoka nao usoni, unasema nitapumzika nikirudi, ukigeuka unakusubiri usoni tena. Ardhi nayo ni ngumu, mpira ukitua unakimbia. Mipira yetu ya kurusha juu ikatua laini haina kazi kule. Ilitua grini, pale kwenye nyasi fupi kabisa penye shimo na bendera, ikapitiliza mpaka vichakani. Jifunzeni kuupiga chini ukaburuzika, hata kusukuma kwa fimbo ya grini mkiwa bado hatua ishirini nje. Anzeni miezi mitatu kabla. Sisi tulianza juzi yake.

Jumatano asubuhi wenzangu walitaka kwenda Anstruther kula samaki wa kukaanga. Nikasema goti linaniuma.

Goti halikuwa linauma. Nilikuwa nimesikia kwa kedi mmoja, mbeba mabegi ya wachezaji, kwamba mchezaji wa peke yake ana mlango wake. Zamani watu walikuwa wakilala nje kwenye foleni usiku kucha wakingoja nafasi ya kuungana na kundi pungufu. Tangu 2024 unajiandikisha ukiwa pale pale mjini, siku moja kabla, na jioni unajibiwa kwenye simu. Nasi tulikuwa na neno letu, tulilolisema barazani Mombasa na kulirudia ndani ya ndege: tunaingia wanne au hatuingii. Neno hilo nililitunga mimi. Basi liliondoka na watu watatu, nami nikatembea na goti langu zima mpaka pale, nikajiandikisha.

Jioni simu ikalia tukiwa mezani. Nimepata. Alhamisi, saa nne asubuhi.

Niliwaambia. Daktari akanipongeza, Mungu ambariki. Wakili akauliza kama kuna kifungu kinachoruhusu. Shemeji akakata mkate wake vipande vidogo vidogo, akasema, "Pole kwa goti."

Ningeweza kukataa nafasi ile. Nimejiuliza mara nyingi. Nafasi ingekwenda kwa mtu mwingine, sisi tungebaki wanne, na leo ningekuwa mzee wa busara anayewaandikia habari za urafiki. Lakini nilikuwa na miaka 54 na nimeota uwanja ule tangu nilipobebea mabwana mabegi nikiwa kijana wa miaka kumi na sita. Nilikwenda.

Asubuhi hawaruhusu vigari vya kuvuta mabegi, kwa hiyo nilichukua kedi. Chukueni kedi. Uwanja una mabanka 112, yaani mashimo ya mchanga ya kutega mpira, na mengi huyaoni mpaka umo ndani. Una grini saba ambazo kila moja inatumiwa na mashimo mawili, na ukijumlisha namba za mashimo hayo unapata 18 kila mara. Bendera nyeupe unakwenda, nyekundu unarudi. Bila kedi ningelenga bendera ya watu wengine mchana kutwa. Mpira wangu wa kwanza, mbele ya jumba la kilabu cha gofu cha Royal and Ancient na watalii wamejipanga kwenye uzio, ulikwenda chini, ukakimbia, ukasimama katikati. Sijui niliupigaje. Nilitaka kugeuka nimwambie mtu, kisha nikakumbuka niko na Wakanada wawili na Mjerumani.

Hapo ndipo panapouma. Siku hiyohiyo tulikuwa tumelipia New Course kwa wanne. Inaitwa mpya lakini ni ya 1895, na imelala ubavuni mwa Old Course, vichaka vya miiba tu katikati, Mei vimejaa maua ya njano. Nikiwa shimo la sita nilitazama kushoto kwangu na kulia kwangu kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni, nikawaona mbali: watu watatu, koti moja jekundu, la shemeji. Nilipunga fimbo. Koti jekundu lilikuwa limeinama juu ya mpira.

Nilimaliza kwa mikwaju 97. Kwa upepo ule, mara ya kwanza, sioni haya kuisema. Banka la Hell la shimo la 14 nililikwepa kwa mbali, kedi mwenyewe aliniinulia kofia. Shimo la 17, lile la Barabara, unapiga mpira juu ya mabanda ya hoteli usione unakokwenda, na nyuma ya grini kuna barabara na ukuta wa mawe; mimi nilijuana na barabara, nikajuana na ukuta, nikatoka na tisa. Kwenye Daraja la Swilcan Mjerumani alinipiga picha. Niliituma kundini jioni. Daktari aliweka moyo. Wakili kidole gumba.

Kwa hiyo kijana wangu, wewe na wenzako watatu, kaeni kikao kabla hamjanunua tiketi. Ulizaneni kwa sauti: mmoja akipata na watatu wakikosa, aende au asiende? Andikeni jibu. Msiseme tutaona huko huko, huko huko ndiko kuna kishawishi. Na aliyejibu upesi kuwa yeye hawezi kuwaacha wenzake, huyo mwangalieni goti lake. Nasema haya kwa sababu ni mimi niliyejibu upesi. Ombeni nafasi za mapema, mwaka mzima kabla, kisha pangeni safari kana kwamba Old Course haipo: Crail, Elie, New, Jubilee, na jioni ile bustani ya kusukuma mpira wanayoiita Himalayas, ambako kwa pauni chache shemeji alitufunga sote tukicheka kama watoto. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Mwaka 2027 mashindano makubwa ya The Open yanarudi pale, msithubutu kwenda wiki zile bila nafasi mkononi. Na muongee kwanza. Nimeshasema, lakini narudia.

Shemeji alikuja ofisini kwangu mwezi uliopita kufuatilia gari lake lililokwama bandarini. Kadi ya mchezo ule nimeitia fremu, iko ukutani juu ya kabati la mafaili, mbali kidogo kusomeka. Alisimama chini yake muda mrefu, mikono nyuma.

"La 17 ulipata ngapi?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniuliza lolote kuhusu siku ile. Nikamwambia saba.