Je, samurai asili yao ni Korea?

Ndugu, umeuliza kama samurai walitoka Korea. Hapana. Samurai kama tabaka la wapiganaji wanaanza kuonekana karne ya 10, huko huko Japani. Ila ukiuliza zana za vita za mwanzo zilipitia wapi, hapo Korea huikwepi.

Chukua farasi. Maandishi ya Wachina ya karne ya 3 yanasema nchi ya Wa, yaani Japani ya wakati ule, haikuwa na farasi wala ng'ombe. Kufikia karne ya 5, makaburi ya wakubwa yana hatamu, matandiko na vikuku vya kupandia, vya mtindo wa Korea. Chuma nacho kilitoka sana Gaya, kusini mwa rasi ya Korea. Baekje, ufalme mwingine wa Korea, ikaleta mafundi, waandishi na, katikati ya karne ya 6, dini ya Buddha. Haikuwa sadaka: Baekje ilitaka askari wa Yamato, yaani dola ya Japani ya wakati ule, dhidi ya majirani zake.

Mwaka 663 Japani na mabaki ya Baekje walipigwa vibaya na Tang ya China na Silla, ufalme mwingine wa Korea. Wakimbizi wakamiminika Japani, na wakuu wa Baekje ndio waliosimamia ujenzi wa ngome ya Ōno, kisiwani Kyushu, mwaka 665. Wanaodai Japani ilijitosheleza wanaisahau sana hii.

Upanga uliopinda wa samurai usiupeleke Korea, lakini. Panga zilizotoka bara la Asia zilikuwa nyoofu; wa kupinda wataalamu wengi wanauhusisha na Waemishi, watu wa kaskazini mwa Japani yenyewe.