Barua kwa mwanangu: meza ya kijani

Mwanangu Zuhura,

Huku Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu. Umeniuliza kama nitaona umepotea ukiacha usanifu majengo ukaenda kubuni mandhari ya filamu, ukanitolea mfano wa Ken Adam, Mwingereza mzaliwa wa Berlin, kwamba naye alianzia usanifu London. Nimemsoma. Oscar mbili si mchezo. Ila mimi nimenasa kwenye meza yake.

Ni ile ya chumba cha vita katika Dr. Strangelove, filamu ya 1964, chumba wanamoketi wakubwa wa Marekani kujadili vita vya nyuklia. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa ghorofa mbili. Mwongozaji wa filamu, Stanley Kubrick, akaukubali, halafu akaukataa, fundi akaanza upya. Ikaja meza kubwa ya duara, imetandikwa kitambaa cha kijani kama ya wacheza karata, na filamu yenyewe ni nyeusi na nyeupe! Mtazamaji haoni kijani chochote. Anayekiona ni mwigizaji aliyeketi pale, ajue anaichezea dunia kamari. Si ndiyo ninayowaambia siku zote? Anayejenga amjue atakayeketi.

Unaikumbuka mahakama niliyowajengea wale wa maigizo, wewe ukinishikia misumari? Meza ya hakimu ilikuwa maboksi, vipande vya mbao na rangi ya mninga. Mchezo ulipokwisha, mzee mmoja akanifuata kuuliza tumeiazima ofisi gani. Nikaigonga, ikalia boksi. Akaniambia nimeibadilisha! Nacheka mpaka leo. Kesho yake wakaivunja, mbao wakazikokea moto wa pilau, wala hawakuniita. Inaniuma bado, na si kwa sababu ya pilau.

Sasa utasema, ndiyo hivyo baba, mandhari huvunjwa, nyumba hubaki. Mh! Nimepiga milango kwenye nyumba ngapi ambazo wenyewe hawataki kuzikaa? Lakini tena, mwenye nyumba humlipa fundi, hata kwa kuchelewa. Na huyo Adam, Oscar ya kwanza alipewa kwa Barry Lyndon ya 1975, iliyopigwa zaidi kwenye majumba ya kweli ya zamani. Huwezi kuyachagua kama hujui majengo. Anayejenga amjue atakayeketi, basi, iwe nyumba iwe boksi.

Sikuamulii. Nimemwahidi mama yako kwamba sitakuamulia. Ila ada ya muhula huu imeshalipwa, na risiti ninayo mimi.

Baba yako